Nyumba ya Saba

Tensta, Stockholm, tarehe 21 Agosti 2011

Kwako yaya yangu Xavérine, uliyenitangulia kuzaliwa na hujachoka kunikumbusha,

Kabla sijakuchokoza, pokea salamu. Habari za Uvira? Na ule mguu wako wa kushoto, bado unatabiri mvua kuliko redio? Clementina mjukuu wako anayekusomea namsalimia pia, na namwomba asiruke mstari, hata akifika penye aibu. Mimi ni mzima. Meno yamebaki tisa, lakini ni yale ya mbele, ya kuchekea. Uzee ulikuja ukaniona, ukaogopa, ukarudi.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Ndiyo, mimi Onésime niliyekimbia shule siku ya pili. Herufi walinifundisha hapa Tensta nikiwa na mvi, na mwalimu alisema hajawahi kupata mwanafunzi kama mimi. Kama ni kwa uzuri au kwa ubaya sikumuuliza.

Nataka nikusimulie ile kampuni. Mwaka 2004 mwanangu Bonheur na rafiki yake Bethuel, Mkenya wa Machakos aliyekuja kusomea kompyuta akaoa hapahapa, walikodi stoo chini ya saluni kule Vällingby, wakaandika mlangoni HODI. Kazi yao ilikuwa michezo ya simu, ya Kiswahili, isiyo na picha hata moja. Maneno tu, yaya! Simu inakuambia: umesimama mbele ya nyumba, mlango umefungwa, unafanya nini? Wewe unaandika: bisha. Inakujibu. Unaandika: chungulia dirishani. Inakujibu tena, mpaka ufike mwisho wa hadithi au ufie njiani. Bethuel alisema Wazungu walikuwa nayo zamani kwenye kompyuta, kabla picha hazijaingia, lakini kwa Kiswahili, ndani ya simu, alidhani sisi ndio wa kwanza. Mimi kuwa wa kwanza sijawahi kubishia.

Sasa mchezo wa maneno unataka hadithi, na hadithi ikitajwa, Waswahili wa Stockholm nzima wananigeukia mimi. Nikawapa ile ya msichana aliyezimikiwa na moto kwao. Unaikumbuka. Anatumwa kuomba kaa kwa majirani, nyumba saba, na kila nyumba inamtoza kitu chake kwanza. Ya kwanza inataka wimbo wake, nyingine usingizi wake, nyingine kivuli, mpaka kwenye ya sita anaacha jina. Bonheur aliniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia, kichwani mwangu, mwanangu, niliitunga msituni nikiwa sijala siku nne. Mbele ya ibada nzima nilisema siku tisa.

Kila Jumapili Bonheur na Bethuel walikuja kwangu na kinasa sauti. Mimi nasema, wao wananasa, wiki nzima wanaandika. Bethuel alikuwa na maswali kama karani wa mpaka. Mchezaji akiandika vunja mlango, je? Nikamwambia amjibu: mama yako alikulea hivyo? Akiandika nimechoka? Mjibu: na msichana aseme nini, ambaye hana hata usingizi? Watu walipenda kutukanwa na simu! Siku moja kwenye basi la Spånga nilimwona mama mmoja anaifokea simu yake, nimebisha tayari, fungua basi! Nikajua yuko nyumba ya kwanza. Nikamnong'oneza, mama, imba kwanza. Alitaka kunipiga na mkoba.

Walikuwa wakitoa nyumba mojamoja. Watu wa Fisksätra walicheza, Wakenya walicheza, wengine wakaandika kutoka Norway. Na kila mchezo ulipofunguliwa, jina la kwanza kuonekana lilikuwa langu: Hadithi ya Mzee Onésime. Bonheur ndiye aliyeliweka. Nilikuwa bado sijui kusoma vizuri, lakini jina hilo nililisoma.

Mwisho wa mwaka 2007 tulimaliza nyumba ya sita. Hapo wakaja wakubwa wa simu fulani, siwataji, wakataka kuuweka mchezo wetu ndani ya simu zao za Afrika. Sharti lao moja: uwe kamili. Wakatoa muda mpaka Pasaka.

Nyumba ya saba, yaya.

Nilisema haisimuliwi theluji ikiwa chini. Bethuel akauliza, Mzee, hii ni Sweden, theluji inaondoka lini? Nikasema msimuliaji lazima afunge kwanza. Nikafunga, wakaniona nimefunga, halafu nikasema jino linauma. Bethuel akakata tamaa, akatunga mwisho wake mwenyewe, msichana anafunguliwa na bibi mmoja mpole, anapewa kiberiti. Nilimcheka mpaka mke wake akachukia. Nilimwambia hiyo si hadithi, ni barua ya ofisi ya kodi.

Bonheur hakucheka. Aliniuliza taratibu, Papa, hakuna mtu mwingine wa kwetu anayeijua? Nikasema hakuna. Wiki iliyofuata akauliza, labda mtu wa Uvira? Nikamwambia Uvira wanajua kukaanga samaki tu. Mara ya tatu alikuja peke yake, akakaa kitandani kwangu, akasema, Papa, mtu akisahau si dhambi. Nikamwambia mimi sisahau, natunza. Akavaa koti lake.

Pasaka ikapita. Wakubwa wa simu wakaenda zao. Mwaka uliofuata zikawa zimejaa zile simu za kusugua kwa kidole, zina picha kila mahali, nani tena atake maneno? Stoo wakairudisha. Bethuel alipata kazi ya kufundisha hesabu Fisksätra. Mpaka leo akiniona ananisalimia vizuri sana, kwa heshima, kama mtu asiyenifahamu. Bonheur alihamia Malmö, anaendesha basi. Alikuwa akija kila Jumapili. Siku hizi ni Krismasi, na wakati mwingine Pentekoste.

Pentekoste ya mwaka huu alikuja na mtoto wake Aurore, ana miaka saba, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Nikamsimulia nyumba sita. Akauliza kwa Kiswidi chake, na ya saba? Nikafungua mdomo nimtupie mzaha, mzaha haukuja. Nikasema, sijui, mjukuu wangu. Sijawahi kuijua. Si hadithi yangu, ni ya bibi yako Xavérine. Alikuwa ananibeba mgongoni huku anamenya muhogo, ananisimulia, na mimi kila mara nalala kwenye nyumba ya sita.

Nimefika kwenye aibu, Clementina, usiruke. Nimejaza kurasa hizi zote, yaya, kama vile hujui. Ni tabia. Kumbe unajua kuliko mimi.

Bonheur alikuwa jikoni. Alizima bomba la maji. Akaniambia kwamba Februari 2008 alikupigia simu, shangazi yake, ukamsimulia yote mpaka mwisho, ukamuuliza, kwani baba yako hajakuambia ni yangu? Aliiandika wiki ileile. Kwaresima yote nyumba ya saba ilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Alikuwa anangoja neno langu moja tu, nimwambie muulize shangazi, ili abadilishe jina pale mbele na mimi nisidharaulike. Bethuel hajaambiwa mpaka leo. Nikamuuliza, sasa kwa nini hukuitoa tu, mwanangu, kazi ilikuwa yako! Akasema, ningekuvua nguo mbele ya watu, Papa? Akaosha vikombe, akavifuta, akampa mtoto viatu, wakaenda kupanda treni. Nyumba ya saba kuna nini, sikuthubutu kumuuliza.

Ningekupigia mwaka ule ingekuwa dakika kumi. Niliogopa utacheka. Nilifikiri kicheko chako kitasikika mpaka Tensta.

Jumapili iliyopita nilisimama kwenye ibada yetu ya Waswahili, palepale nilipojisifia zile siku tisa. Bethuel na mke wake walikuwapo. Nikasema hadithi ya moto ni ya dada yangu Xavérine wa Uvira, mimi niliiba, na nimemwangusha mwanangu kwa uongo wangu. Walicheka, yaya. Walipiga makofi. Mchungaji akafuta machozi akasema Mzee Onésime leo katuletea mpya. Nikarudia, wakacheka zaidi. Bethuel peke yake hakucheka, lakini na yeye aliangalia viatu vyake, hakuinua uso. Bonheur hakuwepo, na hakuna aliyempigia kumpa habari, maana hakuna aliyeona kwamba kuna habari. Mimi nikimpigia hapokei.

Simu yako atapokea. Mpigie, yaya. Mwambie nimesema, nimesimama, mbele ya watu, na jina lako nimelitaja. Mwambie hawakuniamini, lakini nimesema. Wewe akikusikia ataamini.

Wasalimie wote wa hapo, walio hai na walioko kaburini kwa mama. Mguu uupake mafuta ya moto. Mungu akulinde mpaka simu yako imfikie.

Ni mimi mdogo wako,
Onésime