Maziwa ya Mushaki

Mushaki, 7 Februari 1954

Yaya Valérie,

Salamu kwako huko Walikale, na kwa Mama, na kwa wote wa nyumbani. Kikohozi ya Mama iko namna gani? Huku baridi inatuuma, na mimba yangu imeanza kuwa kubwa.

Lakini mimi si muzima, sitakuficha. Vidole vyangu vinajikunja vyenyewe, vinashikamana kama mudomo wa kuku, na siwezi kuvifungua hata nikilia. Miguu pia. Mama mukwe wangu Nyiraneza alisema ni uvivu wa mukamwana. Bwana yangu Athanase akanipeleka dispansere ya Masisi. Munganga Barthélemy akanigonga na kidole hapa mbele ya sikio, na mudomo wangu ukaruka upande. Niliona haya!

Akanieleza hivi: ndani ya uti wa mugongo munapita kamba nyeupe, ile tunayoona watu wakipasua nyama. Hiyo njo inapeleka amri ya kichwa mupaka mikononi na miguuni. Mishipa yake inataka chokaa fulani ya damu, yeye anaiita kalsiyumu, inakaa mulangoni kama mulinzi. Mulinzi akiwepo, mishipa inangoja amri. Akikosekana, inapiga kelele bila kutumwa. Sasa mutoto wa tumboni ananinyang'anya chokaa yangu. Nisipoipata, siku ya kuzaa koo itafungwa, nikose pumzi, mimi na yeye.

Dawa ni maziwa kila siku, ao samaki ndogo pamoja na mifupa. Yaya, maziwa! Hawa wachungaji wa kwa bwana yangu, vibuyu vyao wanaviosha na mikojo ya ng'ombe, nimeona kwa macho yangu. Harufu tu inanikimbiza inje. Nitumie samaki.

Mudogo wako,
Godelieve


Walikale, 1 Machi 1954

Godelieve, mudogo wangu,

Tumepata barua yako, na tunakusalimia na tumbo lako pia. Mama anakohoa bado lakini alikuwa anakula vizuri. Nasema alikuwa, kwa sababu nilipomusomea neno la maziwa alitema mate chini, akasukuma sahani ya bugali pembeni.

Na miye vilevile. Puh! Kitu chenye kimetoka kwa matiti ya munyama, iko moto bado, na unywele wa ng'ombe unaelea juu! Hiyo ni chakula ya ndama. Na kuosha kibuyu na mikojo? Wee! Hao ni Wakristo? Hata nguruwe ya pori inachagua maji yake.

Kamba ya mugongo sijui, samaki najua. Tulizuia kijito na wanawake wenzangu, tukakausha hizi juu ya moto. Michel, dereva wa kamyo, anakuletea. Ponda na mifupa, kula yote. Maziwa hapana, hata tone.

Yaya wako,
Valérie


Mushaki, 28 Machi 1954

Yaya wangu,

Pole na kazi, na asante kwa mikono yako. Mama anaendelea namna gani? Hapa hakuna amani.

Samaki nilikula mara mbili tu, jikoni, mulango umefungwa. Harufu ikanisaliti. Nyiraneza akaingia ameziba pua na kitenge, akashika fungu lako na vijiti viwili, akaenda kulitupa chooni. Kisha akanawa mupaka kwenye viwiko. “Tumbo la muntu si shimo ya wadudu wa matope,” akasema. Kwao, mudomo wenye umekula samaki ukigusa maziwa, ng'ombe inakauka. Na Athanase, aliyeapa mbele ya padri! Alitoka inje kutapika, akaenda kulala kwa ndugu yake. Niliwachukia wote.

Siku nyingine nikasema basi, nitakunywa. Nikafunga macho, nikameza. Ikarudi yote juu ya miguu ya mama mukwe. Kutapika maziwa kwao ni kutukana ng'ombe, mupaka leo amenuna.

Jana mikono ilishikwa tena, na koo nayo ikakaza kidogo. Naogopa kufa, Yaya. Si tumbo peke yake linakataa. Kila nikiinua kibuyu, namuona Mama akitema mate. Muombe aseme neno moja tu: kunywa.

Mudogo wako,
Godelieve


Walikale, 20 Aprili 1954

Godelieve,

Mama anakusalimia. Neno hilo anasema halitatoka kinywani mwake. Uje kuzaa huku, anasema.

Samaki yetu chooni! Jasho yetu ni mavi? Sitatuma ingine. Uliolewa na Athanase, hukuolewa na ng'ombe zake. Ukitaka kunywa, kunywa, uko muntu mukubwa. Lakini siku utakuja kusalimia, usilete mudomo ule kwenye shavu ya Mama.

Yaya wako,
Valérie


Walikale, 30 Juni 1954

Godelieve, uko?

Leo siulizi habari ya muntu mwingine. Michel anasema alipita Mushaki, akaona watu wengi kwenu wamekaa inje, wanawake mikono kichwani, naye hakusimama kuuliza ati kwa sababu ya mizigo. Mupumbavu huyu! Mama hali, halali.

Niliandika maneno ya kuoza. Kunywa, mudogo wangu. Kunywa ng'ombe muzima na mukia wake. Mama njo anasema, iko hapa pembeni yangu: kunywa. Nimefunga barua hii pamoja na samaki kidogo. Usipotaka, tupa. Andika jina lako tu, inatosha.

Yaya wako


Mushaki, 25 Julai 1954

Yaya Valérie,

Niko. Mwambie Mama ale. Mutoto pia iko, musichana, tumemuita Adelaïde, ananyonya bila huruma.

Watu wale Michel aliona walikuja kunililia. Nilikuwa nazaa, mwili wote ukakaza, koo ikafungwa, macho yakageuka. Barthélemy akafika na ile chokaa ndani ya shindano ya kudunga, akaiingiza polepole kwenye mushipa, na vidole vyangu vikafunguka kimoja kimoja mbele ya watu waliokuwa wanalia tayari. Lakini shindano ilikuwa moja. Akasema mutoto akinyonya, chokaa itatoka tena, basi nile samaki ao ninywe maziwa, aibu niiweke kando.

Kila asubuhi Nyiraneza alishika kichwa changu juu ya mapaja yake. Nikitapika, anafuta, anamimina ingine. Hakununa tena. Neno la Mama lilikuwa halijafika, Yaya, nikakunywa bila ruhusa yake. Sasa hairudi tena. Siku wakichelewa kukamua, mimi mwenyewe naulizia.

Fungu lako Michel alilileta jana. Nilipofungua, harufu ya samaki ikanijaa pua. Mimi, mutoto wa Walikale, nilikimbia nikatapika nyuma ya nyumba. Nyiraneza aliona, hakucheka. Samaki niliifukia mwenyewe, nikilia.

Barua ilikuwa imeshika ile harufu. Neno la Mama, lile nililoliomba, nililisoma nimeziba pua.

Mudogo wako,
Godelieve