Magadi Niliyompa Neema

Tunduma,
Jumatatu asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na huko Ivuna mvua imeshuka, au bado mnaitazama tu angani? Nakuandikia kwa sababu simu yenu mnaiweka sauti ya juu, na jambo hili sitaki wengine walisikie kabla yako. Mimi nipo, ila moyo hauko mahali pake. Mjukuu wako Neema amelazwa, leo siku ya tano.

Ilianzia shuleni kwao. Muuguzi alikuja kuwapima watoto urefu, uzito, na kiuno kwa futikamba, kisha akatuita wazazi. Neema ana miaka kumi na miwili sasa. Kiuno kimeongezeka, kimo kiko palepale pa mwaka jana. Akaniuliza mtoto anakula nini. Niliona aibu, Mama. Unajua nauza mishikaki na chapati kwa madereva wa malori pale foleni ya mpakani. Neema anakula hizohizo, anashushia soda, na mboga nikimwekea anazisogeza pembeni ya sahani.

Muuguzi akasema, "Mama Neema, chakula hiki kinaelemea sana kwenye asidi. Wapo wanaodhani kinahusiana na vimo na viuno vya watoto, ingawa uhakika bado. Wewe mwongezee mboga na matunda, soda umpunguzie. Basi."

Mimi nikasikia asidi tu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitulambisha magadi kidogo tukishikwa na kiungulia. Nikafungua yale uliyonipa Pasaka ya kupikia maharage, nikamkorogea kijiko kizima kwenye glasi ya maji. Kila asubuhi, kabla ya shule. Alikuwa anakunywa amefumba macho, maana nilimwambia yatamrefusha. Wiki mbili zikapita, nikampima kiuno mwenyewe, hakijapungua, nikaongeza kijiko cha pili. Wewe usijilaumu, ulinipa ya maharage.

Alhamisi aliamka uso umevimba, anatapika, miguu haina nguvu. Daktari ameniuliza mara tatu nimempa nini, dawa au mitishamba, na mara tatu nimesema chakula cha kawaida. Sijui kwa nini nasema hivyo. Naogopa, Mama, nimechanganyikiwa, nakaa tu kwenye benchi la wodi. Wanampa dripu na kumtoa damu kupima, wanatafuta kitu ambacho mimi ninakijua.

Jana daktari akamgeukia mtoto mwenyewe. Neema akanitazama kwanza, halafu akasema, "Sijui. Nilikula chapati." Daktari alipotoka akanivuta mkono.

"Mama, lakini nimerefuka?"

Nikamwambia ndiyo. Nao huo ni uongo.

Mwombe mchungaji wetu amkumbuke Neema, usimweleze sababu. Msalimie mjomba huko kwenye kazi yake ya chumvi, na shangazi wa kwaya mwambie kitenge chake nimekipata. Wadogo zangu wape habari taratibu, usiwashtue. Barua hii ataileta binamu yangu dereva, yuko hapa nje ananisubiri.

Nikishamkabidhi nakwenda moja kwa moja kwa daktari, na kifuko cha magadi ninacho mkobani. Nimekwambia wewe kwanza ili mdomo uzoee kulisema jambo hili.

Mwanao,
Tabita