Konokono kwenye Paja la Enock

Thobi, upo? Nimetoka duarani sasa hivi, kule shimoni machimboni.

Enock kapasua mwamba, moko, lile tindo lake, ikamteleza na kumchana paja. Damu inaruka! Akapiga kelele, "Leteni ile gundi!" Si unaikumbuka, waliyotuachia wale madaktari ya kuziba majeraha? Walisema imetengenezwa maabara kwa kuiga ute wa konokono.

Mwigulu, msimamizi wetu, unajua kajibu nini? "Ile nimeifungia kabatini, ya kuonyesha wakaguzi. Konokono si wamejaa mgombani? Leteni wenyewe!"

Konokono, Thobi! Wazima! Na tope lao!

Enock kalala chali, anasikia kitu cha baridi kinatambaa ndani ya nyama yake. Ananililia mimi, "Baba Noela, nakufa mie." Mwigulu anamwambia, "Tulia bwana, acha ute ushike."

Ute ushike! Povu na damu vinachuruzika, nzi wameshatua.

Dorah mama lishe ndiye aliyevunja kabati kwa mchi. Akawang'oa wale wadudu, akaosha kidonda, akabandika ile gundi na kukandamiza kwa nguvu zote. Damu ikakata, Thobi. Ikakata kabisa! Enock kapakiwa kwenye gari, anapelekwa Geita, anaongea.

Mwigulu yeye macho kwenye kabati. "Sasa wakaguzi nitawaonyesha nini?"

Nikamwambia awaonyeshe kaburi la mke wangu Philomena. Naye alivuja damu wodini, dawa ipo stoo, wakubwa wanatafutana nani ana ufunguo.