Mguu wa Klachi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na kama zitakufikia zimepoa, ujue zimekaa mezani siku nyingi nikiogopa kuzitia kwenye bahasha. Hujambo wewe? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi tu? Wifi yangu hajambo? Na mtoto, ambaye mpaka leo namjua kwa picha, ameshaanza kutembea? Mbusu kwa niaba yangu, umwambie ana shangazi mwenye sauti kubwa.

Huku sisi ni wazima, ingawa siku hizi nikisema "sisi" namaanisha mimi na ng'ombe. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Yule mweusi uliyemwacha ndama sasa ni mama mtu mzima, na dharau zake hazijapungua. Nikimwita ananitazama kwanza, kama afisa aliyeletewa ombi. Lile bati la jikoni lililokuwa likivuja nimeliziba. Nilipanda mwenyewe, nikashuka mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kushika ngazi wala wa kunicheka.

Sasa tuje kwenye trekta. Kikohozi, lile la marehemu baba, safari hii limekufa kweli. Fundi aliifungua injini, akaitazama, akaifunga, kisha akavua kofia, nikajua msiba umeingia. Nilikueleza hayo, nawe ukanijibu haraka kuliko kawaida yako. Ulisema ninunue dogo jipya, ila liwe la gia na klachi, tena neno gia ukalipigia mstari. Ulisema yale mengine, ya kukanyaga pedali tu likaenda, ni ya watu wa kukata majani bustanini. Na mwisho ukaandika kwamba nisihofu klachi, maana utarudi kabla ya msimu wa kupanda na utaliendesha wewe.

Barua hiyo niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Nilifurahi, sitakuficha. Nilitoka nikazikung'uta buti zako za mpira pale mlangoni, kama ninavyofanya kila unapoandika kwamba unakuja. Safari hii alitoka buibui na familia yake yote. Niliwaomba radhi kwa usumbufu.

Kisha nikaenda mjini kwenye duka la matrekta, mimi na fundi. Muuzaji ni kijana mwenye shati lenye kola kubwa kuliko shingo, na maneno yake hayana breki. Alitupeleka uani akatuonyesha mawili yaliyofanana kama mapacha, rangi ile ile, injini ile ile. Alisema tofauti iko tumboni. La kwanza nguvu yake hupita kwenye gia, na ukitaka kubadili lazima ukanyage klachi. La pili nguvu hupitia kwenye mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba, na huna haja ya klachi uwapo shambani. Kuna pedali mbili za mguu wa kulia, moja mbele, moja nyuma. Ukikanyaga kidogo linakwenda polepole, ukizidisha linaongeza mwendo, ukiachia linasimama. Alisema hata mama mkwe wake analiendesha, akacheka peke yake.

Fundi hakucheka. Aliniambia la gia lina nguvu zaidi kwenye kulima, linakunywa mafuta kidogo, na likiharibika yeye mwenyewe analiweza. Hili la pedali, alisema, linataka mafuta yake maalumu na chujio jipya kila mara, na likigoma ndani itabidi tumwite fundi wa mbali. Lakini kwa kazi ya kwenda na kurudi, kubeba majani, kusukuma mbolea, kugeuka kati ya miti ya matunda, hilo la pedali halina mpinzani. Nikamwambia basi tumeshaamua, ni la gia, mdogo wangu amesema. Hapo akaniuliza swali moja tu, nani ataliendesha. Nikajibu kwamba ni wewe. Akaniuliza uko wapi. Nilitazama yale matairi mapya, meusi, hayajaona tope bado, nikasema uko njiani.

Aliguna tu. Unamjua, yeye kuguna kwake ni hotuba.

Ngoja nikukumbushe msimu uliopita, maana sidhani niliwahi kukueleza vizuri. Uliandika unakuja kulima na Kikohozi. Yule mwenye trekta la kukodi akapita, akaniuliza kama aniweke kwenye zamu, nikamwambia aende zake, nina mtu wangu. Nilikungoja mpaka majirani wote mahindi yao yakachipua. Nilipomwita tena nikawa wa mwisho, na mvua ikanikatikia njiani. Mahindi ya shamba la juu yalinifika magotini, na unajua magoti yangu hayako mbali na ardhi. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwaka huu nimeelewa walikuwa wanazungumzia chakula. Msimu mwingine kama ule na lile shamba sitaliweza tena, nitalikodisha kwa watu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeniandikia kwamba umesikitika, na mtu aliyekwisha kusikitika utamwongezea nini?

Mambo ya upweke nayo nikuambie, maana wewe ndiye uliyebaki wa kuambiwa. Nyumba imekuwa kubwa. Bado napika sufuria ile ile, sijui kupika ya mtu mmoja, kwa hiyo nakula kitu kimoja mpaka tunachokana. Redio naijibu. Juzi mtangazaji alisema habari za jioni, wasikilizaji, nikamwambia nzuri, karibu. Mchana kazi inanisahaulisha, lakini ile saa ya kufunga zizi, ninapogeuka kurudi nyumbani na kuona dirisha halina taa kwa sababu mwenye kuiwasha ni mimi, hapo moyo unaniuma. Najihurumia, kisha najikemea, kisha naenda kuwasha taa.

Turudi uani. Muuzaji alisema kabla ya kulipia ni lazima nijaribu. Nikakataa, nikasema dereva hayupo. Akasisitiza kwamba hiyo ndiyo desturi ya duka. Basi nikapanda la gia.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaendesha Kikohozi? Klachi ilikuwa ngumu kama kisiki. Wewe ulikuwa mdogo kwangu lakini miguu yako ilikuwa mirefu, kwa hiyo ulisimama juu ya klachi kwa uzito wako wote, mikono yote miwili kwenye usukani usije ukaanguka. Mimi nilikaa juu ya madigadi, lile bati linalofunika tairi la nyuma, na kazi yangu ilikuwa ule mti wa gia. Nilipiga kelele "haya!", wewe ukakanyaga, mimi nikabadili. Baba alitembea nyuma ya tela akituita Mguu na Mkono. Na hata ulipoota ndevu na kuweza yote mwenyewe, bado ulinipigia honi nije nikae mahali pangu. Nilidhani hayo yalishapita.

Basi nikakaa kwenye kile kiti, injini inaunguruma vizuri, fundi kasimama kulia, muuzaji kasimama kushoto. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mti wa gia, nikasema kwa sauti, "haya!", nikavuta.

Mdogo wangu, zile gia zilipiga kelele uani kote. Watu walitoka dukani. Muuzaji alishika kichwa, akaniuliza kwa nini sikukanyaga klachi. Nami nilikuwa nimeketi pale, mkono juu ya gia, mguu umening'inia, nangoja wewe ukanyage. Sikuwa nimesahau klachi. Nilikungoja tu. Machozi yalinitoka mbele ya watu, na fundi, Mungu ambariki, akamwambia muuzaji kwamba ni moshi.

Ndipo nikaona jinsi nilivyoishi miaka yote hii. Mkono wangu uko tayari, na kila jambo la nyumba hii linangoja mguu ulioko mbali.

Nilishuka, nikapanda lile la pili. Nikakanyaga pedali ya mbele kidogo, likaenda. Nikaachia, likasimama. Nikalizungusha ua mzima, nikapita kati ya mapipa mawili bila kuyagusa, nikarudi kinyumenyume mpaka yule kijana akanyamaza, jambo ambalo nadhani halijawahi kumtokea.

Kwa hiyo nakuambia sasa, maana karatasi inakwisha na nimezunguka vya kutosha. Nimenunua la pedali. Liko chini ya banda, mahali pa Kikohozi. Sikulichukua kwa sababu ni bora. Fundi anasema lile la gia lingefukua shamba la juu vizuri zaidi, nami namwamini. Nimelichukua kwa sababu halihitaji mtu arudi ndipo litembee. Nimeacha kukungoja, mdogo wangu. Sikuacha kukupenda, wala sina hasira, na usiniandikie kwamba umesikitika. Una kazi, una mke, una mtoto anayejifunza kutembea kwenye sakafu ya huko. Andika tu habari zenu, na usiandike tena kwamba unakuja kupanda.

Shamba la juu nimeshalilima. Mistari yangu imepinda kidogo, lakini mvua haichagui mistari. Na zile buti zako za mpira, usizitafute, nimezivaa mimi. Kwa soksi mbili zinanikaa sawasawa.

Nisalimie wifi yangu sana, na mtoto mpakate kwa ajili yangu. Fundi anakusalimu, kwa maana kwamba nilipomwambia nakuandikia aliguna. Ng'ombe mweusi hana salamu. Mungu awalinde ninyi nyote katika nyumba yenu, na mimi katika hii.

Na siku mkija kututembelea, kwa wakati wenu, usiwe na wasiwasi wa kuendesha. Nitaendesha mimi. Madigadi ya hili ni mapana, wewe utakaa hapo, pale nilipokuwa nakaa.

Ni mimi dada yako,
Mkono