Akaunti ya Ouko Imejaa

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Leo sikwenda kanisani. Wataniombea, halafu wataniuliza kama Ouko amepiga simu. Hajapiga! Wiki ya sita hii. Nimekaa mbele ya TV nikingoja picha zake zianze.

Ni yeye mwenyewe aliyeiweka hivyo Juni, siku mbili kabla ya kusafiri. Akaingiza akaunti yake humo ndani, akasema mama, TV ikikaa bila kuguswa itaonyesha picha zangu, na kila nitakayopiga huko utaiona hapa Kapsoit bila hata mimi kutuma. Na kweli zilikuja. Ouko kwenye ndege. Ouko na sahani ya viazi. Kisha Ouko amevaa nguo za jeshi — na agent alituapia ni kazi ya kuendesha lori! Nchi yenyewe sitaandika jina lake kwa kitabu changu.

Ya mwisho ni ya tarehe thelathini Agosti. Amekonda. Amesimama na wenzake wanne kwenye matope, anacheka kwa mdomo tu. Tangu hiyo hakuna mpya, zile zile zinazunguka.

Mume wangu Jackton anasema nizime nipumzike. Nimemwambia aguse hiyo remote aone.

Jumanne, 14 Oktoba

Omena zangu, hizi dagaa ninazouza, zimelala leo. Wachache wananunua huku wananiangalia usoni. Chepchumba wa maziwa akanivuta kando, ati kuna kijana wa kwao Sigowet alienda na agent huyo huyo, wazazi wamepigiwa simu, amekufa, na mwili haujulikani uko wapi.

Nikamuuliza kama amekuja kuuza maziwa ama kuuza matanga. Maskini, akabeba mtungi wake akaondoka. Kesho nitamwomba msamaha. Ama kesho kutwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Joab, kaka mkubwa wa Jackton, amepiga simu kutoka nyumbani Rachuonyo. Hakuzunguka. Amempata kijana mmoja aliyetoroka huko akarudi. Kijana anasema kundi la Ouko lilipelekwa mbele mwanzo wa Septemba na hakuna aliyerudi. Mwili hakuuona. Alisikia tu. Alisikia! Hata mimi nasikia mengi sokoni.

Joab anataka tuzike yago. Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, linachukuliwa tunda la yago, lile refu zito, linawekwa kaburini mahali pake. Ndio atulie, na sisi tutulie. Amepanga Jumamosi, tarehe moja Novemba.

Na Jackton akasema sawa. Sawa! Kama mtu anayeulizwa kama chai inatosha. Nimemwambia mtoto wangu si tunda. 

Alhamisi, 23 Oktoba

Amondi, dada yake Ouko, amekuja kutoka Kericho mjini, ameomba ruhusa ofisini. Ana ile simu ya zamani aliyoachiwa na kaka yake, ina akaunti ile ile. Akabonyeza-bonyeza, akasema mama, njoo uone.

Imejaa! Akaunti ya Ouko imejaa. Hakuna nafasi hata ya picha moja. Imejaa tangu mwisho wa Agosti. Amondi anasema hata angekuwa anapiga picha kila siku, zingebaki kwa simu yake huko, hapa zisifike.

Yawa! Nilishika mikono ya huyu msichana nikaruka naye jikoni kama mwendawazimu. Hajafa, ni nafasi tu hakuna! Amondi akasema imejazwa na video za mpira alizokuwa anaweka, mamia. Tukizifuta na simu yake ikiwa iko kwa mtandao, zilizokwama zitaanza kuingia.

Alikuwa ameshaanza kuzichagua. Nikamwambia ngoja.

Ijumaa, 24 Oktoba

Amondi amekasirika na mimi. Mama, unangoja nini? 

Nitaandika hapa, kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu. Ikiwa imejaa, ninaweza kusema hapati njia ya kutufikia. Tukifungua njia na kitu kisiingie, nitasema nini? Ninaogopa. 

Jumamosi, 25 Oktoba

Jackton yuko bafuni tangu saa nane mchana, maji yanatiririka, haogi. Nimemsikia. Miaka thelathini na moja nimekaa na huyu mwanaume, akiendesha trekta za shamba la majani chai mpaka walipomstaafisha, na sijawahi kumsikia akilia. Nilidhani "sawa" yake ilikuwa rahisi.

Alipotoka nikamwambia Amondi afute. Zote.

Video mia tatu na kitu. Dakika moja tu zimeisha. Simu ikaandika nafasi ipo sasa.

Jumapili, 26 Oktoba

Hakuna.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua ya mawe, stima imepotea mchana kutwa. Majani ya watu yametobolewa huko mashambani, na mimi nimefurahi — Mungu anisamehe — kwa sababu TV imezimwa na si kosa la mtu.

Stima ikarudi saa kumi na moja. Zile zile. Ndege, viazi, matope.

Jumanne, 28 Oktoba

Joab amepiga. Yago limepatikana. Vijana wanaanza kuchimba kesho kutwa. Anauliza Ouko alikuwa na tarehe gani ya kuzaliwa, waandike kwa msalaba. Nimempa Jackton simu nikatoka nje.

Jumatano, 29 Oktoba

Zimeingia! Amondi amepiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

Kumi na moja. Mtoto mzungu, msichana wa miaka mitatu hivi, mbele ya keki. Paka juu ya friji. Mwanamke anachekecha unga. Mtoto tena, uso umejaa krimu. Tukangoja Ouko atokee. Keki, paka, mwanamke, dirisha lenye pazia la maua. Ouko hakuna. Amondi akaangalia tarehe: jana. Zote ni za jana.

Jackton alisimama nyuma ya kiti akatazama zote. Kisha akasema polepole: Eddah, simu ya mtoto imepata mwenyewe mwingine. Amondi akaangua kilio.

Nimewaambia wanyamaze. Nimeziangalia tena kutoka mwanzo, moja moja. Mtoto anacheka akiinua uso, anamwangalia mtu mrefu. Hata mwanamke anainua macho. Anayepiga haonekani kwa hata moja! Ouko ni mrefu. Ouko anapenda watoto, kila mtu Kapsoit anajua. Si wanaweza kuwa wamemficha? Watu wazuri wako kila mahali, hata huko.

Nimemwambia Jackton apigie Joab wasianze kuchimba. Simu ameishika. Hajapiga. Amekaa hapa kando yangu na koti amevaa, hasemi atapiga wala hasemi hatapiga, na Amondi anasema kuna nyingine inaingia.