Kabla ya Mto

Ilford, 12 Januari 2025

Mwanangu Margaret,

Pokea salamu zetu kwa barua pepe hii. Huku tu wazima, ila magoti yangu na baridi ya London hawajapatana. Binti yako Nishma anakula vizuri. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana.

Najua nyinyi Wataita hamchomi maiti, na sisi hatuna kawaida ya kumtuma mjane na majivu ya mumewe. Lakini daktari amenikataza kupanda ndege, na mwanangu Dhiren hana ndugu wa kiume. Chombo cha majivu yake usikiweke sakafuni, kitundike. Treni ya Bengaluru kwenda Mysuru itasimama Srirangapatna, kisiwa kilichozungukwa na mto Kaveri. Hapo ndipo tulipomwachilia mama yake mtoni. Lakini usishuke kwanza. Fika Mysuru, uone ikulu ya wafalme na soko. Nilizaliwa nyuma ya soko hilo, kabla sijaenda Mombasa kufundisha jiografia.

Baba yako,
Harish

Mysuru, 16 Januari

Shikamoo Baba,

Natumai magoti yametulia. Nimefika salama. Chombo nimekitundika kabatini, ndani ya mfuko wa kitambaa. Mto niliuona kwa dirisha la treni, nikakaa kitini kama ulivyosema. Ikulu nimeiona. Sokoni wanauza mashada ya asumini kwa kupima mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama mama zetu walivyopima kitambaa.

Niende mtoni kesho?

Mwanao,
Margaret

Ilford, 17 Januari

Mwanangu,

Nafurahi u mzima. Kesho ni mapema mno. Msitu wa Nagarhole uko karibu, usiukose. Tembo wa huko wana masikio madogo na majike hawana pembe, tofauti na wa kwenu Tsavo. Ukitoka huko panda treni ya kaskazini mpaka Hampi, uone mahekalu ya mji uliohamwa. Nilimwahidi Dhiren safari hiyo akiwa mdogo.

Baba

Hampi, 24 Januari

Shikamoo Baba. Nishma hajambo?

Tembo nimewaona. Dereva wangu, Chaman, alishangaa sikupiga picha. Nikamwambia mimi mtu wa Voi, tembo nawajua tangu walipomaliza mahindi ya mama. Akauliza mfuko nisiouacha hotelini una nini. Nilipomwambia akasema, “Mama, huo mto si uko pale pale? Mbona tunauzunguka?”

Nikamwambia anipeleke stesheni. Nimekuja Hampi, nimeona gari la mawe ambalo magurudumu yake hayaendi popote. Na leo umeniandikia kuhusu kuba la Vijayapura, kaskazini zaidi. Baba, kila ukinionyesha mahali pengine, mto unazidi kuwa mbali. Likizo yangu ya kazi hospitalini inaisha. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa Srirangapatna. Ukisema hapana, nitamrudisha Ilford nimweke mikononi mwako, na sitakulaumu. Lakini nijibu wewe, isinijibu jiografia.

Mwanao,
Margaret

Ilford, 31 Januari

Mwanangu Margaret,

U hali gani? Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Jana Nishma aliniuliza, tena kwa Kiswahili, “Babu, baba amefika?” Nikamwambia bado yuko njiani. Nilipolisikia neno hilo kinywani mwangu nilijua kwa nini nimekuwa nikikutuma huku na huku. Mtu aliye njiani bado ni msafiri.

Nenda kesho. Vua viatu, ingia mpaka magotini, umwachilie upande yanakoelekea maji. Ukitoka usigeuke nyuma. Sababu yake, kwamba aliyekwenda asivutwe arudi, nilikuwa naijua vizuri sana nilipokuwa nawaeleza watu wengine.

Baba

Srirangapatna, 1 Februari

Shikamoo Baba,

Tayari.

Kuhani alitafuta mwanamume kando yangu. Chaman, aliyenipokea stesheni, akaninong’oneza, “Niseme mimi ni shemeji yako?” Nikamwambia hapana, baba yake amenituma mimi. Kuhani akataka jina lako, nikampa, akaliita pamoja na la Dhiren. Maji yalikuwa ya kijani, yakamchukua polepole. Nilisali Baba Yetu kwa Kitaita kwa kuwa sikuwa na maneno mengine. Sikugeuka.

Zimebaki siku nne za likizo. Kama kuna mahali ungependa nikuonee, niambie, nitakwenda kwa moyo mmoja.

Mwanao,
Margaret

Ilford, 1 Februari

Mwanangu,

Njoo nyumbani. Sina pengine pa kukutuma.

Baba