Ndoo ya Ufukweni na Kaa Aliyegoma Kutoka

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: hufahamika kazini kama Dekio, jina kamili limo kwenye jalada
Umri: miaka 54
Kazi: msafishaji, mabafu ya umma ya ufukweni
Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa dada yake, nyuma ya soko
Yamechukuliwa: kaunta ya kituo, saa 2:50 asubuhi

Mnamo tarehe 14 mwezi huu niliingia kazini saa 12:00 asubuhi. Nilianza na korido, inayotoka geti la barabarani hadi geti la baharini. Nilimaliza kudeki saa 12:30, sakafu ikawa safi. Kisha nikaenda vyoo vya nyuma.

Saa 1:10 nilitazama dirishani. Maji yalikuwa yamekupwa. Nilimwona mama mmoja ameinama kwenye vidimbwi vya mawe, mkono majini, ndoo ya bluu pembeni. Ukutani kwetu kuna tangazo linalokataza kuchukua viumbe vya baharini bila kibali, lina na namba ya simu ya kutoa taarifa. Juzi vijana wawili walipita na viti vya pweza, wale viumbe wa umbo la nyota, kwenye mfuko, nikanyamaza. Msimamizi akaniuliza mbele ya wenzangu, "Dekio, macho hayo umepewa ya kulilia vitunguu?" Ndiyo maana safari hii, saa 1:15, nilipiga simu. Aliyepiga ni mimi, si mtu mwingine.

Nikarudi koridoni, nikakuta madimbwi ya maji kuanzia geti la barabarani mpaka la baharini. Niliyahesabu kwa hasira, yalikuwa saba. Nikachanganya dawa ya sakafu, nikayadeki yote.

Saa 1:35 walifika askari wawili wa doria, mmoja mtu mzima, mwingine kijana. Yule mama alikuwa ndiyo anapanda kutoka baharini. Walikutana koridoni, nami nilikuwa hatua nne kutoka hapo.

Askari kijana alisema, "Mama, umekamatwa na mali mkononi."

Alijibu, "Mali gani, mwanangu? Nawarudisha kwao. Umeme umekatika tangu jana saa kumi, mashine ya hewa imezima. Asubuhi nimewakuta wanahema juu ya maji."

"Kina nani?"

"Wake wenzangu wa sebuleni. Miaka sita mume wangu akirudi anasalimia tangi la samaki kwanza, mimi baadaye."

Askari mtu mzima alicheka. Kijana hakucheka. Aliulizia kibali. Mama akasema kipo, kina jina la mume wake, naye yuko wodini, anapasuliwa saa 4:00 leo.

"Ameniambia, niangalizie wageni wangu. Sasa nikamwambie nini akiwa anaingia chumba cha upasuaji? Kwamba nimewaua?"

Ndani ya ndoo kulikuwa na maji kidogo na kaa mmoja mdogo, wa wale wanaoishi kwenye gamba la konokono. Aliulizwa, na huyu?

"Huyo tunamwita Mpangaji. Kagoma kutoka. Nimemtikisa mara tatu."

Kijana akasema kila mtu ana hadithi yake. Wakampakia garini na ndoo yake.

Gari lilipoondoka nilitazama sakafu. Alipopanda hakuacha tone, alama za kandambili tu. Kwa hiyo yale madimbwi saba aliyamwaga akishuka. Anayekwenda kuchukua hashuki na ndoo inayomwagika. Afande, mimi nimedeki miaka kumi na tisa, maji nayajua yanakotoka. Lakini ushahidi nilikuwa nimeshaufuta kwa mkono wangu.

Nikaenda kumwaga maji machafu. Chini ya ndoo yangu ya kudekia nilikuta samaki, urefu wa kidole kidogo, ana mistari ya njano. Aliruka au alimwagika koridoni, sijui. Sijui pia kama alikuwa hai nilipompitia na dekio. Maji yale yalikuwa na dawa.

Nimemleta kwenye mfuko huu wa nailoni. Nilimdeki kabla mama hajapanda. Basi alitoka upande wa barabarani, hakutoka baharini.

Mama huyo simjui, wala hajaniomba kitu. Nimekuja kwa miguu yangu. Nimesomewa yote haya, sina la kupunguza.

Sahihi: Dekio

MAONI YA ASKARI MPOKEZI

Kielelezo A: ndoo ya bluu na kaa mmoja, hai. Kielelezo B: samaki mmoja, amekufa. Mtuhumiwa ameachiwa saa 3:20 kwa dhamana yake mwenyewe, ameelekea hospitalini kwa bajaji. Shahidi ametahadharisha kuwa maji ya bomba yatamuua kaa. Alitoka na dumu la lita tano, akarudi saa 3:50 na maji ya bahari. Maji yamebadilishwa. Saa 3:56 kaa ametoa miguu nje ya gamba. Shahidi ameomba jambo hilo liandikwe. Limeandikwa.